Kutoka ubaoni hadi ghalani: namna ya kuandika CV unapohama fani

CV yangu ya kwanza ya kutokea ualimuni ilikuwa na kurasa nne. Nilieleza azimio la kazi, andalio la somo, usahihishaji, zamu, ulezi wa klabu ya sayansi, sikubakiza kitu. Niliisambaza kwa miezi saba: kampuni za dawa, viwanda, mashirika yasiyo ya kiserikali. Simu iliyoita ilikuwa moja tu, na ilitoka kwenye shule iliyokuwa inatafuta mwalimu wa Kemia.

Aliyenifumbua macho ni mzee jirani yetu, msimamizi wa ghala. Aliisoma yote huku akinywa chai, akanirudishia. "Mwalimu, nimesoma, nimeelewa kwamba unajua kufundisha. Sasa mimi nataka mtu wa kupokea mzigo." Nikajitetea kwamba nimekaa na funguo za stoo ya maabara miaka minne. "Imeandikwa wapi?" Tukaitafuta. Ilikuwa ukurasa wa tatu, mstari mmoja tu.

Haya ninayoeleza yametokana na kuiandika upya ile CV, na pia na miaka niliyokaa baadaye upande wa pili wa meza nikichambua maombi ya watu wengine. Mfano wangu mkuu utakuwa wa mwalimu anayeingia kwenye ugavi, kwa sababu ndiyo njia niliyopita mwenyewe. Anayetoka hotelini kwenda benki, au ulinzi kwenda usafirishaji, atapita humohumo. Mistari ya mfano nimeiandika kwa Kiswahili, lakini kampuni nyingi binafsi na mashirika hutaka CV ya Kiingereza. Lugha iliyotumika kwenye tangazo ndiyo uandikie.

Kabla ya kalamu: mlango una kufuli?

Kuna fani ambazo CV nzuri peke yake haikuingizi. Hapa Tanzania kuna bodi za kitaaluma zinazosajili watu wa fani: wahasibu wana NBAA, wahandisi wana ERB, watu wa ununuzi na ugavi wana PSPTB, wauguzi na wakunga wana baraza lao. Si kila nafasi ndani ya fani hizo inadai usajili, ila ile inayoudai haina mjadala: huna, unawekwa kando kabla mtu hajasoma jina lako.

Kwa hiyo tafuta kwanza nafasi ya ukingoni mwa fani, ile ambayo sharti lake unalitimiza leo. Mimi niliacha kuomba uafisa ugavi, nikalenga msaidizi wa ghala la dawa, kwa sababu matangazo kadhaa yalikubali mtu mwenye elimu ya sayansi. Huku nyuma nikaanza mitihani ya bodi. Cheo kilishuka, na mshahara wa mwanzo haukuwa wa kujivunia. Lizungumzeni nyumbani mapema, maana kuna watu wanaopata kazi kisha wanaikataa dakika ya mwisho kwa jambo walilopaswa kulijua tangu mwanzo.

Hatua ya kwanza: soma matangazo kumi kama anayesahihisha mtihani

Chukua matangazo kumi ya nafasi unayoitaka, hata yaliyopitwa na wakati. Yachape au yanakili kwenye daftari. Shika kalamu nyekundu, pigia mstari kila kitendo: kupokea, kuhifadhi, kuhesabu, kutoa taarifa, kuwasiliana na wasambazaji. Kisha hesabu. Kitendo kinachojirudia kwenye matangazo saba ndicho kazi yenyewe, na kinachotokea mara moja ni matakwa ya mwajiri mmoja.

Angalia pia majina wanayotumia kwa vitu. Shuleni tulikuwa tunasema "vifaa vimeisha". Ghalani wanasema bidhaa imeisha stoo. Shuleni ni "kuandikisha vitu", ghalani ni kuingiza kwenye leja. Kampuni kubwa na mashirika ya kimataifa hupokea maombi kwa mifumo ya kompyuta, na mifumo hiyo inaweza kutafuta maneno ya tangazo ndani ya CV yako. Hata kama anayechambua ni binadamu, ana rundo mbele yake na macho yake yanatafuta maneno anayoyajua. Neno la fani yao likilingana na kitu ulichokifanya kweli, litumie hilohilo.

Hatua ya pili: chota kazi yako ya zamani

Hapa ndipo penye kazi hasa, na ndipo watu wengi wanapopita mbio. Mtu aliyefanya kazi moja miaka sita hazioni tena shughuli zake. Zimekuwa kama kupumua. Ukimuuliza alifanya nini atakujibu kwa cheo: "Nilikuwa mwalimu." Tatizo ni kwamba cheo hakihami. Zinazohama ni shughuli.

Tenga jioni mbili. Usianze na cheo. Anza na maswali haya, ukiandika bila kujichuja:

Nilishika pesa za nani, kiasi gani, na nilimpa nani hesabu? Mali gani ilikuwa mikononi mwangu? Ni watu wangapi walikuwa wananisikiliza, na wangapi nilikuwa nawapangia zamu? Ni takwimu gani niliziandika kila wiki au kila muhula, na zilikwenda wapi? Nani alikuwa analeta malalamiko kwangu? Ni kitu gani kilikuwa kikiharibika nisipofika kazini?

Swali la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Mpokea wageni wa hoteli atakuambia kwamba asipofika, vyumba vinauzwa mara mbili na hesabu ya usiku haifungwi. Basi huyo amekuwa akisimamia nafasi na kufunga hesabu za fedha, mambo ambayo tawi la benki linayaelewa vizuri. Mlinzi wa getini kwenye kiwanda atasema asipokuwapo malori yanatoka bila kuandikwa. Kumbe amekuwa akilinganisha mzigo na hati, na akitunza daftari la kuingia na kutoka kwa magari. Mama aliyelea watoto miaka mitano huku akiwa mweka hazina wa VIKOBA ana michango, mikopo, marejesho na faini kwenye vitabu vyake. Hiyo ni kazi, iandikwe.

Mimi daftari langu lilitoa mambo kama thelathini. Nilipoyaweka kando ya vitendo vya yale matangazo kumi, tisa yaligusana. Hayo tisa ndiyo yaliyokuwa CV. Mengine yote, pamoja na klabu ya sayansi niliyoipenda, yalibaki daftarini.

Hatua ya tatu: geuza mistari

Mstari wangu wa zamani ulikuwa hivi:

"Msimamizi wa maabara ya Kemia. Kuhakikisha vifaa vipo na vinatunzwa."

Baada ya jioni mbili na chai ya jirani, ukawa mistari mitatu:

"Nilitunza stoo ya maabara yenye kemikali na vifaa vya aina 180, na kuandika kwenye leja kila kilichoingia na kutoka."

"Nilipanga kemikali kwa tarehe ya kuisha muda ili inayotangulia kuisha itoke kwanza, na kutenga tindikali na vimiminika vinavyoshika moto."

"Nilihesabu mali yote kila mwisho wa muhula na kulinganisha na leja, kisha kuandaa orodha ya mahitaji na kukagua mzigo kwa ankara ulipoletwa."

Hakuna uongo hata chembe. Nilikuwa nafanya hivyo kila muhula. Ila mtu wa ghala la dawa akisoma mstari wa pili anaona kitu anachokifanya kila siku, kwa sababu dawa nazo hutolewa kwa kufuata tarehe ya kuisha muda. Sikumwachia kazi ya kukisia.

Tazama mistari ilivyojengwa: kitendo, kitu chenyewe, ukubwa wake, na pale inapowezekana, kilichotokea. Ukubwa ndio unaowashinda wengi. "Nilihudumia wateja" inaweza kuwa wateja watano au mia mbili kwa siku. Kama hukumbuki idadi kamili, rudi kwenye kumbukumbu: idadi ya vitanda vya hoteli, ya mikondo ya darasa, ya safari kwa wiki. Sema "zaidi ya" au "wastani wa" pale unapokadiria. Usijitungie asilimia. Nimewahi kukutana na CV ya mtu aliyeandika kwamba aliongeza ufanisi kwa 47%. Tulipomuuliza kwenye usaili ufanisi huo alikuwa anaupimaje, alitazama dari kwa muda mrefu sana.

Jambo jingine: futa lugha ya ndani ya fani yako ya zamani. Azimio la kazi ni neno zuri shuleni, lakini mtu wa kiwandani halijui. Andika "mpango wa kazi wa mwaka kwa wiki". Mwanajeshi mstaafu, nesi, mtu wa mahakamani, wote wana maneno yao. Mpe CV mtu asiyeijua kazi yako na umwombe apigie mstari kila neno lililomkwaza. Mdogo wangu alinipigia kumi na manne.

Hatua ya nne: panga kurasa mbili

Mbili zinatosha. Juu kabisa weka jina, simu inayopatikana, barua pepe yenye jina lako na mji unaoishi. Ile barua pepe ya "mrembo" au "bosi" uliyoifungua ukiwa chuoni iache ipumzike.

Chini yake weka maelezo mafupi ya mistari mitatu au minne. Hii ndiyo sehemu inayombeba anayehama fani, maana inamwambia msomaji kwa nini mwalimu ameonekana kwenye rundo la watu wa ghala. Wengi huiharibu kwa "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma na kufanya kazi bila kusimamiwa." Kila mtu ameandika hivyo, hata yule aliyefukuzwa kwa kutofika kazini. Yangu ilikuwa hivi:

"Mwalimu wa Kemia wa miaka sita, minne kati yake nikiwa mtunza stoo ya maabara: leja, ufuatiliaji wa tarehe za kuisha muda, hesabu ya mali na kupokea mizigo. Nimeanza mitihani ya PSPTB. Natafuta nafasi ya msaidizi wa ghala kwenye usambazaji wa dawa."

Nimetaja ninakotoka waziwazi, sikukwepa. Kuna ushauri unaozunguka kwamba anayehama fani aondoe tarehe na majina ya waajiri, aweke orodha ya ujuzi peke yake. Mimi siukubali. Mchambuzi akikosa tarehe anahisi kuna kitu kimefichwa, na orodha ya "mawasiliano, uongozi, kompyuta" isiyoonyesha ilifanyika wapi haina uzito. Ninachopendekeza ni mchanganyiko: ujuzi minne hadi sita inayogusa tangazo, kila mmoja na ushahidi wa nusu mstari, kisha uzoefu wa kazi kuanzia wa karibuni, wenye tarehe na mahali.

Ndani ya uzoefu una uhuru wa kupima. Kazi inayogusa fani mpya ipe mistari mitano. Ile isiyogusa ipe mmoja, tarehe zisikatike. Mimi ufundishaji wenyewe niliupa mistari miwili tu, na mmoja ulikuwa wa idadi ya wanafunzi na taarifa za matokeo nilizoandaa kwenye kompyuta. Iliniuma kidogo. Miaka sita ya chaki kwenye mistari miwili.

Elimu ifuate baada ya uzoefu, isipokuwa kama umesoma jambo la fani mpya hivi karibuni. Hapo ipandishe juu.

Kuhusu mapengo, usiyazibe kwa kunyoosha tarehe. Mwajiri akipiga simu ulikotoka, tarehe ndizo za kwanza kuulizwa. Andika mstari mmoja wa kweli: "2020 hadi 2021: biashara ndogo ya vifaa vya shule, baada ya ajira ya hoteli kusimama." Mwaka ule utalii ulivyoanguka kila mtu anaujua, hakuna atakayekushangaa.

Hatua ya tano: uwe na kitu kimoja kipya mkononi

CV inayosema "natamani kuingia" na haina alama yoyote ya kuanza safari ni dhaifu. Si lazima iwe shahada nyingine. Mitihani ya bodi uliyoianza, kozi fupi yenye cheti, miezi miwili ya kujitolea, hata kazi za mwisho wa wiki kwenye duka la jumla la ndugu yako, mradi ulishika leja kweli.

Kwa waliojifunza kazi mikononi bila kukaa darasani, kama fundi magari, mpishi au fundi umeme, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi wa mafunzo. Unapimwa kwa vitendo na ukifaulu unapata cheti. Fundi wa gereji anayetaka kuingia kampuni ya usafirishaji kama msimamizi wa matengenezo atauona mlango ule ukilegea.

Ukiondoka kazini kwako, dai cheti cha utumishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe cheti hicho ajira inapokoma. Watu wanaondoka kwa hasira wanakisahau, kisha miaka mitatu baadaye shule imebadilisha mmiliki na hakuna wa kukithibitisha.

Ya kuacha nje

Dini, kabila, hali ya ndoa, idadi ya watoto: acha. Sheria hiyohiyo inakataza ubaguzi kwa misingi ya aina hiyo, na inamhesabu hata anayeomba kazi. Namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na nakala za vyeti zitolewe pale zinapoombwa. CV inazunguka kwenye simu za watu wengi kuliko unavyodhani. Picha weka ikiombwa. Mshahara wa zamani usiandike, maana unahamia fani ambayo kipimo chake ni kingine.

Wadhamini ni jambo la kufikiria zaidi. Mkuu wa shule wako atasema wewe ni mwalimu mzuri, na hilo linakurudisha ulikotoka. Mchague mtu aliyeiona ile shughuli inayohama. Mimi nilimweka mhasibu wa shule aliyekuwa anakagua leja yangu, na msambazaji wa vifaa vya maabara aliyenipokezesha mizigo. Wapigie kabla, waeleze unaomba nini, watumie CV yenyewe. Mdhamini anayeshangaa kwenye simu amekuangusha tayari.

Ukiomba serikalini

Huku mambo ni tofauti na ubunifu wako hauhitajiki sana. Maombi kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yanapita kwenye mfumo wao wa mtandaoni, Ajira Portal, na taarifa unazojaza humo ndizo zinazochujwa. Matangazo yao kwa kawaida hudai wadhamini watatu, huweka ukomo wa umri wa miaka 45 kwa asiye mtumishi wa umma, na hukataa hati za matokeo badala ya vyeti halisi. Mtumishi wa umma aliyepata sifa za kada nyingine anatakiwa kupitisha barua yake kwa mwajiri. Soma kila tangazo hadi mstari wa mwisho, maana masharti yapo chini, pale ambapo watu wamekwisha kuchoka. Kwa ndugu zetu wa Kenya, nafasi za umma mara nyingi huambatana na vyeti vya kutimiza Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, ile ya uongozi na uadilifu, ambavyo huchukua muda kuvipata, basi vianze mapema.

Barua, faili na kutuma

Barua ya maombi iwe ukurasa mmoja na ijibu swali ambalo CV haiwezi: kwa nini unahama? Jibu kwa sentensi mbili zisizolalamika. "Mshahara wa ualimu ni mdogo" ni kweli, lakini mwajiri mpya anasikia kwamba utamwacha naye. Niliandika kwamba sehemu ya kazi niliyokuwa nikiifanya vizuri kuliko nyingine ilikuwa stoo, na nataka iwe kazi yangu nzima.

Faili liwe PDF, isipokuwa tangazo limetaka vingine, na jina lake liwe jina lako na nafasi unayoomba. "CV mpya ya mwisho 3" inamfikia mwajiri hivyohivyo. Mpangilio uwe safu moja, bila majedwali wala vinyota vya kujipima ujuzi; mifumo ya kompyuta huweza kuvisoma vibaya. Fungua kwenye simu yako kabla ya kutuma, kwa sababu anayekuchambua huenda yuko kwenye daladala.

Na kwa kila nafasi badilisha yale maelezo mafupi na mpangilio wa ujuzi. Dakika ishirini hivi zinatosha. CV moja kwa waajiri hamsini ndiyo ile iliyonipa miezi saba ya ukimya.

Ukiitwa kwenye usaili

Maandalizi yaanze kabla hujatuma maombi: chapa CV yako, kaa na mtu nyumbani, aweke kidole kwenye mstari wowote nawe uuzungumzie kwa dakika mbili: ilikuwaje, mlifanyaje, kilienda wapi. Mstari usioweza kuuzungumzia ufute kabla haujatumwa.

Mimi niliitwa wiki ya tatu baada ya kuandika upya. Waliokaa mezani walikuwa watatu, na sikuulizwa hata swali moja la ualimu. Mmoja alichukua penseli akazungushia mstari wa pili, ule wa tarehe za kuisha muda, akasema: "Umefungua stoo, umekuta chupa sita, mbili zimebakiza mwezi, na hapo nje kuna mtu anazihitaji zote sita. Unafanya nini?" Swali hilo nilikuwa nimelijibu kila muhula kwa miaka minne.